Vitambaa vya bibi

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa Tarime kwa bibi. Vile vitambaa vyeupe vya kufuma bado vipo: kwenye makochi, juu ya redio, juu ya kabati la vyombo. Nikamtania kwamba sebule yake imegandia miaka ya themanini. Hakucheka.

Uzi ule, akaniambia, ulitoka Kenya. Tanzania ilifunga mpaka Februari 1977, Jumuiya ilipokuwa inavunjika. Baada ya Vita ya Kagera maduka yakawa matupu, na hapo Sirari hata sabuni ilipita usiku kwa njia za panya. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanza kuwasaka wahujumu uchumi. Nchi nzima watu wakaficha mali, wengine wakazitupa. Bibi naye akavua vitambaa vyote, akavitia kwenye mtungi na kuufukia shambani. Vitambaa jamani! Picha ya Mwalimu ukutani haikuguswa.

Mpaka ulifunguliwa Novemba mwaka huohuo, lakini yeye hakuamini. Mtungi aliufukua enzi za Mzee Ruksa.

Kile cha kwenye redio kina doa la udongo mpaka leo. Mimi nilidhani ni chai.