Zahanati za Msaragambo

Katika vijiji vya nyanda za juu za Kigoma, msaragambo ni kazi ya wote: watu hufyatua matofali, huyachoma, husomba mawe na mchanga, huchanga fedha. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi wa 2007 uliutegemea moyo huo ulipolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kwa kawaida wananchi huinua boma hadi lenta, kisha serikali hupaua na kuleta wahudumu na dawa.

Wapo wanaosema huku ni kumbebesha maskini mzigo wa serikali. Hoja hiyo ni nzito, hasa Buha, yaani nchi ya Waha huku Kigoma, ambako enzi za ukoloni vijana walikwenda Tanga kuwa manamba wa mkonge na jasho lao likawatajirisha wengine. Lakini zahanati hubaki kijijini, na aliyeichangia ana nguvu ya kuiuliza kamati ya zahanati dawa zimekwenda wapi. Ubaya huanza boma linapokaa miaka bila paa, mvua ikimomonyoa kuta. Hapo lawama si ya wanakijiji, na halmashauri inapaswa kulimalizia kabla ya kuchimba msingi mpya kwingine.