Nani Anasema Jukwaani?

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, katika shule nyingi za sekondari za hapa Likasi, wazazi hukusanyika kutazama mchezo wa kuigiza, au teatri kama tunavyozoea kusema. Wanafunzi wachache wenye Kifaransa kizuri hupewa maneno ya kukariri. Wengine huvikwa nguo za askari au husimama nyuma kama miti. Makofi hupigwa, kisha jukwaa hubomolewa na kusahauliwa hadi mwaka unaofuata. Si jambo baya. Lakini historia inatuonyesha kwamba maigizo shuleni yamewahi kufanya kazi kubwa kuliko kupamba sherehe. Katika historia hiyo kuna swali moja ambalo kila zama zimelijibu kwa namna yake: jukwaani, nani anasema, na kwa lugha ya nani?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1599 Wayesuiti walitoa mwongozo wa masomo kwa vyuo vyao vyote, unaojulikana kwa jina la Kilatini Ratio Studiorum. Mwongozo huo uliruhusu tamthilia, ila kwa masharti: ziwe kwa Kilatini, ziwe chache sana, habari yake iwe takatifu, na pasionekane mhusika wa kike wala vazi la kike. Faida yake ilikuwa wazi. Kijana alijifunza kutunza kumbukumbu, kuongoza sauti na mwili wake, na kusema mbele ya watu bila hofu. Lakini lugha ilikuwa ya shule, maneno yalikuwa ya mwalimu, na nusu ya wanadamu hawakuwa na nafasi jukwaani.

Miaka mia mbili na hamsini baadaye, mjini Torino, Don Bosco aliitazama kazi hiyo kwa jicho jingine. Vijana wake hawakuwa watoto wa wakubwa. Wengi walikuwa maskini waliojifunza ufundi au kutafuta vibarua mjini. Sheria ya nchi yao ilikuwa imeamuru kwamba tangu mwanzo wa mwaka 1850 watu waache vipimo vya zamani na kutumia mita, lita na kilo. Don Bosco aliandika kitabu kidogo juu ya vipimo hivyo, na mwaka 1849 akatunga pia mazungumzo ya kuigiza juu ya jambo hilohilo, vijana wakayacheza mbele ya watu. Hesabu iliyokuwa ngumu kitabuni ikawa nyepesi katika vinywa vya vijana wenyewe, tena kwa kicheko. Mwaka 1858 aliandika kanuni za jukwaa lake dogo, akieleza kwamba kusudi lake ni kufurahisha, kulea na kufundisha. Wasalesiani wake walifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1911. Kwa hiyo wazo kwamba mchezo ni njia ya kufundisha si geni katika Katanga yetu.

Hata hivyo, somo lililo kubwa zaidi halikutoka shuleni. Lilitoka mitaani, kwa waigizaji wa Lubumbashi waliojulikana kama kundi la Mufwankolo, jina la jukwaani la kiongozi wao. Watu hawa waliigiza kwa Kiswahili cha miji yetu, kile cha sokoni na cha migodini, chenye maneno ya Kifaransa ndani yake, na radio na televisheni ziliwafikisha kila nyumba. Mwaka 1986, mkoa ukiitwa bado Shaba, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alisikia mezani msemo kuhusu firigisi ya kuku, kipande ambacho mgeni wa heshima hapaswi kukigawa: kwamba mamlaka huliwa mazima. Aliwauliza waigizaji maana yake. Badala ya kumjibu kwa maneno matupu, waliamua kuutungia mchezo.

Yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu sisi walimu. Hapakuwa na andiko la kukariri. Kwanza walikaa na kujadili msemo: unamhusu nani, unasema kweli au la, chifu akigawa mamlaka yake kijiji kinakuwaje. Kisha waligawa habari katika vipande, wakapeana nafasi, wakafanya mazoezi. Kila mwigizaji alijua anakotoka na anakokwenda katika kipande chake; maneno yenyewe aliyapata kwa kumsikiliza mwenzake. Mchezo ulirekodiwa kwa ajili ya televisheni, na maneno yake yakaandikwa baadaye, yakitolewa katika kanda. Fabian aliyachapisha katika kitabu chake cha mwaka 1990. Yaani maandishi yalikuja mwisho, baada ya fikra, mjadala na mazoezi. Katika shule zetu tunafuata njia ya kinyume: tunaanza na karatasi, na mara nyingi tunaishia hapohapo.

Je, njia hiyo inaweza kuingia shuleni? Ndugu zetu wa Tanzania wamekwisha kuijaribu. Mwaka 1996, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia za Kiswahili, walianzisha mpango ulioitwa Tuseme kwa wasichana wa sekondari. Wasichana hawakupewa mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliulizwa: nini kinawazuia kusoma vizuri? Walitaja wenyewe matatizo yao, wakatafuta chanzo chake, wakayageuza kuwa maigizo, ngoma na hadithi, wakayaonyesha mbele ya wenzao na walimu. Baada ya onyesho ulifuata mjadala, na baada ya mjadala klabu ya wanafunzi iliendelea kufuatilia. Baadaye mpango huo ulichukuliwa na FAWE, jumuiya ya waelimishaji wanawake wa Afrika, na kupelekwa katika nchi nyingine. Tangu kanuni ya 1599 iliyomfungia mwanamke jukwaa, hadi binti anayesimama kusema linalomuumiza, safari imekuwa ndefu.

Tunajua kuna mashaka, nayo yana haki ya kujibiwa. La kwanza: mzazi analipa karo ili mtoto ajue Kifaransa, kwa kuwa mtihani wa serikali uko kwa Kifaransa. Ni kweli. Lakini mtoto wa Kikula au Panda aliyejadili jambo kwa Kiswahili na kulicheza akalielewa, ana kitu cha kusema hata kwa Kifaransa. Mchezo uleule unaweza kutafsiriwa na darasa zima, nayo ikawa kazi bora ya lugha. Asiye na fikra hukariri, na alichokariri humtoka siku ya pili ya likizo.

La pili ni zito zaidi: wanafunzi wakiachiwa jukwaa, je, hawatawaaibisha wakubwa? Wanaweza. Ndiyo maana mwalimu haondoki, anashika kanuni. Tunacheza tendo, hatumchezi mtu. Hakuna jina la mwalimu, la mzazi wala la mwenzetu litakalotajwa. Kila mchezo utafuatwa na mazungumzo, na anayeonyesha kosa atasaidia kutafuta njia ya kulirekebisha. Mkubwa anayeogopa mjadala wa namna hiyo huenda ameuelewa msemo wa firigisi vizuri kuliko anavyopaswa.

Kazi hii haihitaji pazia wala taa. Inahitaji methali moja, vikundi vidogo, na saa moja kwa juma. Kundi la kwanza lijadili, la pili lipange vipande, la tatu licheze, kisha wabadilishane, ili asiwepo mtoto atakayebaki mti mwaka mzima. Mwalimu apime mambo matatu: je, mwanafunzi anamsikiliza mwenzake? Je, anaweza kusimama mahali pa mtu asiyefanana naye? Je, anasema akasikika hadi mstari wa nyuma? Anayeyaweza haya matatu atamfaa mgonjwa akiwa mganga, mteja akiwa fundi, na jirani zake siku watakapomwita kuamua shauri. Jukwaa la shule ni pa kuyajifunzia, kabla maisha hayajampa nafasi ambayo haina mazoezi.