Simfoni Iliyosubiri Miaka 25

Juma hili nasikiliza Simfoni ya Nne ya Dmitri Shostakovich, kazi ya takriban saa nzima inayohitaji wapigaji zaidi ya 100. Wengi huanza na ya Tano na huishia hapo. Naona historia nzito zaidi imo katika ya Nne, hasa kwa wenzangu wanaofanya kazi na majalada ya serikali.

Tarehe 26 Januari 1936 Stalin alikwenda kutazama opera ya Shostakovich jijini Moscow. Opera hiyo ilikuwa ikishangiliwa tangu 1934. Siku mbili baadaye Pravda, gazeti la chama, likachapa makala iliyoulaani muziki ule kuwa ni vurugu tupu. Makala haikutiwa jina la mwandishi, na kwa sababu hiyohiyo ilisomwa kuwa sauti ya chama chenyewe. Waliomsifu jana wakaanza kukiri kwamba walipotoka.

Wakati huo mtunzi alikuwa katikati ya simfoni. Hakuiacha. Aliimaliza Mei mwaka uleule, na baadaye mazoezi yakaanza Leningrad. Desemba, kabla haijapigwa mbele ya watu, ikaondolewa.

Hapa ndipo pa kusimama. Hakuna marufuku iliyotangazwa. Rafiki yake Isaak Glikman alisimulia miaka ya baadaye kwamba mkurugenzi wa ukumbi alimwita Shostakovich faragha, wakazungumza. Gazetini likatoka tangazo kwamba mtunzi mwenyewe ameomba kazi yake isipigwe. Mtafiti anayefuata karatasi peke yake atahitimisha kuwa msanii alibadili nia kwa hiari. Hiari ya namna hiyo haikuanza wala kuishia Leningrad. Barua za kujiuzulu "kwa sababu binafsi" ni ndugu zake.

Juni 1937 Jemadari Mikhail Tukhachevsky, rafiki na mlezi wa mtunzi, alipigwa risasi. Novemba ikapigwa Simfoni ya Tano, yenye kilele cha shangwe, na wakubwa wakaridhika. Kama shangwe ile ni ya kweli, wasomi wanabishana hadi leo. (Binafsi nasikia vishindo vingi kuliko furaha.)

Nota asilia za ya Nne zilipotea wakati wa vita. Simfoni ikaundwa upya kutokana na karatasi za wapigaji, ikasikika mara ya kwanza Moscow tarehe 30 Desemba 1961, Kirill Kondrashin akiongoza okestra. Stalin alikuwa amekufa miaka minane iliyopita.

Mwisho wake hauna shangwe. Okestra nzima hupaza sauti hadi ukuta kutikisika, kisha yote hushuka. Hubaki mdundo mzito wa chini, kama moyo wa mtu aliyejificha, na selesta ikidondosha sauti moja moja. Kurasa hizo ziliandikwa Tukhachevsky angali hai.