'Vivimi': Wimbo wa Laura Pausini unaoikabili hofu ya kupenda

MIONGONI mwa nyimbo za mapenzi zilizotoka nchini Italia mwanzoni mwa karne hii, 'Vivimi' wa Laura Pausini una nafasi ya pekee. Hausifu uzuri wa mpenzi, wala haumlilii aliyeondoka. Unamkabili adui aliyejificha ndani ya moyo wenyewe, yaani hofu ya kupenda.

Kibao hicho kimo katika albamu 'Resta in ascolto' iliyotoka Oktoba 2004, nacho kilianza kusikika redioni mwanzoni mwa mwaka 2005. Mtunzi wake ni Biagio Antonacci, mwimbaji mzaliwa wa Milano, ambaye mwaka 2000 alimtungia Pausini wimbo mwingine uliovuma, 'Tra te e il mare'.

Pausini, aliyezaliwa Faenza mwaka 1974, alikuwa na umri wa miaka 18 alipoibuka mshindi upande wa chipukizi katika tamasha la Sanremo la mwaka 1993, kwa wimbo 'La solitudine'.

Jina 'Vivimi' lenyewe ni fumbo. Tafsiri yake ya moja kwa moja ni 'niishi', usemi usio wa kawaida kwa Mwitaliano kama usivyo wa kawaida kwa Mswahili, kwani mtu huishi mahali au huishi maisha, haishi mtu mwenziwe. Anayeimba haombi kupendwa kwa mbali. Anataka mwenzake aingie katika maisha yake na kukaa humo kama mwenyeji.

Ombi hilo linakabiliwa na vikwazo viwili. Cha kwanza ni hofu kwamba penzi huenda lisidumu, na jibu la wimbo ni kwamba urefu wa muda si kipimo cha pendo. Cha pili ni aibu mbele ya walimwengu. Hapo mpenzi anaombwa aache ya nje, asikilize yaliyomo moyoni, hata kama watu wote watapinga.

Hata hivyo, anayemtia mwenzake moyo naye hayuko salama. Yeye ndiye aliyekwisha kufungua mlango, na yeye ndiye atakayeumia iwapo nafasi hiyo itaachwa tupu. Ndiyo maana wimbo huanza kwa sauti ya upole, kisha hupanda hadi kiitikio kinachosikika kama kilio cha kusihi.

Toleo la Kihispania, 'Víveme', liliupeleka wimbo mbali zaidi. Mwaka 2005 lilitumiwa katika tamthilia ya Mexico 'La madrastra', inayosimulia habari za mwanamke aliyefungwa miaka 20 kwa mauaji asiyoyatenda, kisha akarejea kwa mume na watoto waliotengana naye. Kisa hicho kiliafikiana vyema na wimbo unaohimiza moyo uliojeruhiwa ufunguke tena.

Albamu ya Kihispania yenye wimbo huo, 'Escucha', ilitwaa tuzo ya Latin Grammy mwaka 2005 na ya Grammy Februari 2006. Pausini na Antonacci walizunguka pamoja viwanja vya michezo vya Italia katika kiangazi cha mwaka 2019.

Funzo la 'Vivimi' ni kwamba hofu haiondoki kwanza ndipo mtu apende. Mtu hupenda ilhali hofu ingalipo, na katika kupenda huko ndimo nguvu zake hupungua.