Kabla ya warsha, kulikuwa na jioni moja New Britain

Majira ya joto ya 1946, watu wapatao 40 walikusanyika kwa wiki mbili katika chuo cha ualimu cha New Britain, jimbo la Connecticut, Marekani, kuzungumzia ubaguzi wa rangi na wa dini. Wengi walikuwa walimu na maofisa wa ustawi wa jamii. Walikuwamo pia wafanyabiashara, watu wa vyama vya wafanyakazi na akina mama wa nyumbani. Karibu nusu yao walikuwa Weusi na Wayahudi. Iliyowaita ni tume ya jimbo ya mahusiano ya rangi, iliyoundwa 1943. Watu wenye nia njema tume ilikuwa nao tele, ila wakirudi mijini kwao hawakujua waanzie wapi.

Aliyeombwa msaada ni Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeihama Ujerumani 1933 Hitler aliposhika madaraka, na ambaye mama yake aliuawa baadaye na Wanazi. Kwake ubaguzi haukuwa mada ya vitabuni. Hakuamini kwamba hotuba nzuri humgeuza mtu. Kinachomgeuza, alishikilia, ni kikundi: wale anaokaa nao, anaochelea kuwaudhi, anaotaka wamkubali. Kwa hiyo washiriki waligawanywa katika vikundi vidogo, wakaweka mezani matatizo ya miji yao, wakayajadili na kuyaigiza, huku mtafiti akiwa pembeni na daftari, akiandika nani kasema nini na nani kanyamaza.

Jioni watafiti walikutana peke yao kulinganisha waliyoyaandika. Washiriki wengi walikuwa wamekwenda kulala makwao, lakini watatu waliobaki chuoni wakaomba waingie wasikilize. Kumchambua mtu akiwa amekaa hapo hapo si jambo jepesi, lakini Lewin akawaruhusu. Haukupita muda, mtafiti mmoja akasoma alichokiandika kuhusu mwanamke aliyekuwa mmoja wa wale watatu. Mwanamke akamkatiza: mambo hayakuwa hivyo. Akaeleza alivyoyaona yeye. Mtafiti akatetea daftari lake, kiongozi wa kikundi naye akaingia kati, na Lewin akawa anachokonoa kwa maswali, furaha imemjaa. Wale watatu walipoondoka waliomba warudi kesho yake. Kesho yake chumba kilijaa.

Desturi ya kumrejeshea mtu picha ya mwenendo wake mbele ya wenzake ilipata nguvu katika vikao vile vya jioni. Leo imeenea kila mahali. Hata semina za kwetu za bango kitita na chai ya saa nne zina kipindi cha mrejesho, ingawa wengi wetu humjaza mwezeshaji sifa ili tuwahi basi.

Lakini jambo ninaloliona kubwa zaidi lilionekana baadaye. Watafiti waliwafuatilia washiriki hadi makwao kuona wanafanya nini. Waliokuwa wametumwa kama timu kutoka mji mmoja waliendelea na kazi kwa bidii kuliko waliokwenda mmoja mmoja. Aliyerudi peke yake alirudi na moyo mkubwa, akakosa wa kushirikiana naye. Swali la mwanzo la mazungumzo haya, basi, lilikuwa la vitendo: ukifika kwenu utafanya nini, na nani?

Lewin alifariki Februari 1947, akiwa na miaka 56. Majira ya joto ya mwaka huo wenzake wakafungua kituo cha mafunzo Bethel, jimbo la Maine, kwa msaada wa fedha za utafiti za jeshi la wanamaji. Njia ilikuwa ile ile ya kikundi kujitazama, ila ubaguzi wa rangi ukasogezwa pembeni polepole na mameneja wa makampuni wakachukua viti.

Suala la rangi liliporudi kwenye vikundi, miaka ya 1960, hali ya hewa ilikuwa imebadilika. Malcolm X, mwanaharakati Mweusi wa Marekani, anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba msichana wa Kizungu alimfuata kumuuliza afanye nini dhidi ya ubaguzi, naye akamjibu hakuna lolote. Jibu hilo alikuja kulijutia. Baada ya kuhiji Makka 1964 alisema Wazungu wenye nia ya kweli wafanye kazi miongoni mwa Wazungu wenzao, kwani huko ndiko ubaguzi unakoishi. Oktoba mwaka huo, alipokuwa Nairobi, alikutana na John Lewis na Donald Harris wa SNCC, chama cha vijana wanaharakati. Mwishoni mwa 1966 SNCC ikapiga kura kuwaondoa wanachama wake Wazungu, kwa hoja inayofanana na hiyo: nendeni mkawazungumze wenu.

Wengine hawakwenda kwa wenzao, walikwenda California. Mwaka 1967, katika kituo cha Esalen, daktari wa akili Mweusi, Price Cobbs, na mwandishi Mzungu, George Leonard, waliwafungia Weusi na Weupe pamoja kwa saa nyingi ili watoleane yote ya moyoni. Kulikuwa na matusi, kisha machozi, kisha kukumbatiana. Siwadharau, pengine waliolia walihitaji kulia. Ila hapo ndipo, naona, swali la vitendo lilipoanza kupotea, kikao kikawa chenyewe ndiyo kazi.

Jeshi nalo lilifuata. Baada ya ghasia za rangi kwenye kambi ya anga ya Travis, Mei 1971, likaanzisha taasisi ya mahusiano ya rangi kwenye kambi ya Patrick, Florida, na semina zikawa amri kwa kila askari. Makampuni yakaiga, mara nyingi yakiwa na hofu ya kushtakiwa.

Mwaka 2006 wanasosholojia Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly walichapisha uchunguzi wa sehemu za kazi 708. Mafunzo ya namna hii yalikuwa miongoni mwa hatua zilizosaidia kidogo kabisa kuwapandisha Weusi na wanawake kwenye umeneja. Kilichosaidia zaidi ni kumpa mtu au kamati maalumu jukumu la jambo hilo.

Aprili 2018 polisi waliwakamata wanaume wawili Weusi waliokuwa wakimsubiri mtu katika mgahawa wa Starbucks, Philadelphia, bila kununua kitu. Mei 29 kampuni ilifunga migahawa zaidi ya 8,000 alasiri nzima ili wafanyakazi wazungumzie ubaguzi, na dunia ikaandika sana. Siku chache kabla yake ilikuwa imebadilisha kanuni: yeyote aruhusiwe kukaa, anunue asinunue. Hilo halikuandikwa kwa herufi kubwa hivyo. Januari 2025 kampuni ikaitangua kanuni hiyo.