Mzigo wa Kimo cha Mtoto

Richard Burton, Mwingereza aliyepita Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wenye miaka sita au saba walikuwa tayari wanabeba vipande vidogo vya pembe za ndovu mabegani. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 alidai kuwa hamu ya upagazi waliinyonya pamoja na maziwa ya mama, akawafananisha na watoto wa mbwa wa kuwinda, ambao huzaliwa na kipaji chao. Inaudhi kuyasoma hayo leo, na zaidi ya kuudhi, si kweli. Kipande kile kilikuwa kidogo kwa sababu yupo mtu mzima aliyekichagua. Baba, mjomba au kaka alikwisha kukadiria bega la mtoto, akajua mwaka huu ataweza nini na mwakani aongezewe nini. Burton aliuona mzigo, mwalimu hakumwona.

Wasukuma ni ndugu wa Wanyamwezi kwa lugha na kwa desturi. Upande wa mashariki wa nchi yao, kati ya Ziwa Victoria na nyika za Serengeti, ndiko iliko kata ya Mkula, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Huku watu wanalima na kufuga kwa pamoja, na tangu zamani kazi hizo mbili hazijawahi kutoshelezwa na nguvu za watu wazima peke yao. Mtoto alikuwa anahitajika, naye alijua kuwa anahitajika.

Mvulana alianzishwa na ndama. Ndama hawapelekwi mbali. Huzunguka karibu na kaya, mama akiwaona kutoka shambani, na mtoto akizubaa hasara yake ni ndogo. Baada ya ndama hupewa mbuzi na kondoo, ambao ni watundu zaidi, kisha akipata nguvu huanza kufuatana na kaka zake nyuma ya ng'ombe. Hapo kosa lina gharama. Ng'ombe wakiingia kwenye mtama wa jirani, anayekwenda kuomba radhi na kulipa ni baba, na mtoto yupo pale pale anasikiliza. Tena kuna ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ajili ya kiangazi. Mchungaji mdogo anapaswa kujua ngitili ya nani inaanzia kwenye mti gani na kuishia wapi. Jioni ng'ombe wakiingia zizini, huwatambua kwa rangi, kwa pembe na kwa mwendo, na akikosekana yule mweusi mwenye baka tumboni anajua kabla hajaulizwa. Kisha wanaume hukaa shikome, kwenye moto unaowashwa karibu na zizi, na kijana huulizwa: wamekunywa maji wapi, nyasi za kule mtoni zikoje, nani mwingine alikuwa malishoni? Majibu yake yanasaidia kuamua kesho mifugo ipelekwe wapi. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo moyo wa jambo lote. Mtoto alikuwa akitoa taarifa ambayo wakubwa waliihitaji kweli, na wakubwa walinyamaza kumsikiliza.

Msichana alianza mapema kuliko kaka yake, na mara nyingi alifanya zaidi. Alibebeshwa mdogo wake mgongoni angali yeye mwenyewe mdogo, akaenda kisimani na kibuyu chake kidogo nyuma ya mama, akaokota kuni, akatwanga, akasukasuka maziwa mpaka siagi ijitenge. Viazi vitamu vikivunwa inafika zamu ya michembe, yaani vipande vya viazi vya kukausha juani. Mama anakata, watoto wanatandaza vipande juu ya mwamba, wanavigeuza, wanafukuza kuku na mbuzi, na wingu likionekana wanakimbia kuvianua. Wakichelewa, vipande vinaota ukungu, na akiba ya miezi ya njaa inapungua mbele ya macho yao. Sijui mhadhara wa uwajibikaji unaoweza kufikia mbio hizo.

Mvulana alipokuwa kijana, kazi ilimtoa nje ya kaya. Vijana wa kijiji, basumba, walikuwa na umoja wao chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Mwenye shamba aliwaalika kulima, wakaja na ngoma zao, majembe yakaenda kwa mapigo, naye akawalisha. Aliyezoea kukwepa kazi za nyumbani alionekana hapo mchana kweupe, mbele ya wenzake na mbele ya wasichana.

Nisije nikasifu kupita kiasi. Mpangilio huu ulitikiswa mara nyingi. Safari za upagazi kwenda pwani ziliwaondoa wanaume kwa miezi mingi, wakaacha nyuma kazi ambazo lazima mtu azishike. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe Afrika Mashariki nzima, na kwenye zizi tupu mchungaji hana la kujifunza. Mwaka 1909 misheni ya AIM (Africa Inland Mission) ilipokea kutoka kwa CMS (Church Missionary Society) kituo cha Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, na kadiri shule zilivyoongezeka ndivyo asubuhi za watoto zilivyoanza kugombaniwa. Wazazi wengi walipata suluhu yao: huyu aende akasome, yule abaki na ng'ombe. Majeraha ya uamuzi huo yapo katika koo nyingi hadi leo, ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja mwalimu na mwingine hajui kusoma jina lake.

Lakini kilichogeuza mambo kuliko vyote ni pamba. Serikali ya Kiingereza iliisukuma kwa nguvu, wakulima wenyewe wakaikumbatia, na mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi. Pamba ililipa ada, ikanunua baiskeli na mabati. Pia ilileta kazi ya aina nyingine kwa mtoto. Kuchuma pamba ni kuinama kutwa nzima, kutoa nyuzi kwenye vitumba vilivyokauka ambavyo ncha zake zinachoma vidole, kisha kukaa nyumbani kuchambua, safi fungu A, chafu fungu B. Mikono midogo inafaa sana kwa kazi hiyo, na ndiyo hatari yake. Ndama alimfundisha mtoto kufikiri. Fungu B lilimtaka awe na vidole tu. Pamba ikishapimwa mizani, hakuna aliyemuuliza mtoto ameona nini shambani, na fedha zikirudi nyumbani yeye hakuwamo katika hesabu. Kazi ile ile ya familia, shamba lile lile, lakini mtoto alikuwa ameshuka cheo.

Julius Nyerere alizijua kazi za mtoto kwa mwili wake. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akachunga, na alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Machi 1967 alipotoa Elimu ya Kujitegemea alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni watoto wa Kiafrika walijifunza kwa kuishi na kutenda, akataka kila shule iwe na shamba au karakana. Watu wanakumbuka shamba. Kinachosahauliwa ni sharti aliloliambatanisha nalo: wanafunzi washiriki kupanga kazi hiyo na kuamua mapato yake yafanyiwe nini. Shule nyingi zilichukua jembe, zikaliacha sharti. Mtoto aliyechelewa namba alipewa matuta ya kulima, aliyepiga kelele akachota maji ya mwalimu. Kizazi kizima kilifunzwa hivyo kuwa kazi ya mikono ni adhabu, na wengi wa kizazi hicho ndio wazazi na mabibi na mababu wa leo. Naliona kuwa kosa kubwa kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu lilitendwa kwa jina la wazo zuri.

Mambo mengine yalipita haraka. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji iliwahamisha watu kutoka kaya zilizotawanyika hadi makazi ya pamoja, na malisho yakawa mbali zaidi na macho ya mama. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ililazimisha kila mtoto wa miaka saba hadi 13 awe shuleni. Wizi wa mifugo ulizidi hata Wasukuma na Wanyamwezi wakaunda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mzazi mwenye busara hakumwacha tena mtoto mdogo peke yake na kundi.

Ng'ambo ya ziwa, watafiti walikuwa wanaandika jambo ambalo bibi yeyote wa Mkula angelithibitisha. Katika miaka ya 1950 Robert na Barbara LeVine waliishi na Wagusii wa Nyansongo, nchini Kenya, katika utafiti uliolinganisha watoto wa jamii sita duniani. Beatrice na John Whiting walipokusanya matokeo mwaka 1975 walionyesha kuwa watoto wenye kazi za lazima nyumbani na wadogo wa kulea walikuwa wepesi kusaidia na kuwajali wengine. Mwaka 1973 Carol Ember alikuwa ameandika juu ya wavulana wa Kijaluo ambao, kwa kukosa dada, walipewa kazi za jikoni. Walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao, hata walipokuwa nje ya kazi hizo.

Huku Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka mstari unaoeleweka. Miaka 14 ndiyo mwanzo wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyodhuru afya wala kuzuia masomo, na sheria hiyo hiyo inamtaja mtoto kuwa na wajibu kwa familia yake. Nayapenda mambo hayo mawili yakikaa pamoja. Shida ipo kwenye kuyapima nyumbani. Bariadi mjini kuna kaya zenye bomba, jiko la gesi na dada wa kazi, ambaye pengine naye ni mtoto wa mtu aliyetoka kijijini, na kijana wa miaka 13 hajawahi kuosha sahani aliyolia. Kijijini msichana wa umri huo ameshafagia uwanja, ameshateka maji na kuosha vyombo kabla ya kengele, na akirudi anasubiriwa na ugali. Wa kwanza ameonewa kwa kunyimwa, wa pili kwa kulimbikiziwa.

Mvulana wa siku hizi hana kundi la kuchunga siku za shule, kwa hiyo ile hoja ya zamani kwamba yeye yuko malishoni wakati dada yake yuko jikoni imekwisha. Akipewa zamu ya kupika, apewe nzima: apime unga mwenyewe, aseme umebaki kiasi gani, na baba aulize kama unafika mwisho wa wiki. Jioni ni fupi. Jua linazama karibu saa moja, na kila nusu saa anayoongezewa msichana kwenye masufuria inatoka kwenye daftari lake.