Kerezo: Mashine Inayozungusha Chuma

Katika karakana nyingi za Tanzania, mashine yenye chaki, yaani kibanio kinachoshika kazi, upande mmoja na kisu kilichobanwa katikati huitwa lethi, na kazi yake huitwa kuchonga. Mteja akisema "nichongee bushi", fundi anaelewa na kazi inafanyika. Lakini ukichonga mpini wa jembe kwa tezo, mti umetulia na mkono ndio unaokwenda. Kwenye lethi ni kinyume: chuma ndicho kinachozunguka, na kisu kinasogezwa taratibu kukikuta. Kitendo hicho kina kitenzi chake, kukereza. Mashine yenyewe ni kerezo, na kamusi nyingine huandika keezo.

Neno hili halikubuniwa na kamati kwa ajili ya viwanda. Mafundi seremala wa pwani walikereza mbao zamani, na matendegu ya vitanda yenye mafundo na shingo za duara ni kazi ya kerezo. Pembeni yake walikuwa na keekee, chombo cha kutobolea kilichoendeshwa kwa uta. Kwenye keekee mbao imetulia, ncha inazunguka. Kwenye kerezo mbao inazunguka, ncha imetulia. Kiswahili kilizitenganisha kazi hizi mbili kabla mota ya umeme haijafika, na nadhani tunapoteza kitu tunapozitupa zote ndani ya kuchonga.

Mtazame muuza machungwa anavyomenya. Kisu hakiendi mbali. Chungwa ndilo linalozungushwa mkononi, na ganda linatoka utepe mmoja mrefu. Chuma laini kikikerezwa vizuri hutoa utepe kama huo, unaojikunja na kuanguka chini ya mashine.

Ukishakubali kwamba chuma ndicho kinachozunguka, hesabu nzima ya ufundi huu inafunguka. Kasi ya kukata hupimwa kwa mita za chuma zinazopita mbele ya ncha ya kisu kwa dakika. Chuma laini kwa kisu cha haispidi, yaani chuma kigumu cha kukatia, hupewa mita 25 hadi 30 hivi. Shafti yenye kipenyo cha milimita 50, ikizunguka mara 180 kwa dakika, inapitisha mita 28. Weka ya milimita 100 bila kubadili gia, itapitisha 56, na ncha ya kisu itaungua mapema. Fundi anayeanza hushangaa kwa nini kazi nene huendeshwa polepole. Jibu limo ndani ya kitenzi.

Chukua shafti ya mashine ya kusaga nafaka iliyolika pale beringi inapokaa. Beringi namba 6208 ina tundu la milimita 40. Fundi hujaza kwa kuchomelea, kisha anaibana shafti, anahakikisha haiyumbi na kuanza kukereza. Akibakiza nusu milimita anasimama, anaacha chuma kipoe, kwa sababu chuma cha moto kimetanuka na kipimo chake kinadanganya. Hapo ndipo anapokumbuka jambo ambalo limeharibu shafti nyingi: kisu kikiingia milimita 0.1, kipenyo kinapungua 0.2, kwa kuwa duara zima linapita mbele ya kisu na kupunguzwa pande zote. Anatafuta 40.01, ili beringi iingie kwa kubana kidogo. Akishuka hadi 39.95, beringi italegea, itazunguka juu ya shafti, na kazi ya kuchomelea inaanza upya.

Kerezo la chuma tunalolijua leo linadaiwa sana na Henry Maudslay wa London. Karibu na mwaka 1800 aliunganisha ekseli inayozungusha kazi na parafujo ndefu kwa njia ya gia, na parafujo hiyo ikakisukuma kishika-kisu kwa mwendo usiobadilika. Badili gia, unapata hesi nyingine. Bolti na nati zilianza kufanana kwa mashine, wakati kabla ya hapo kufanana kwake kulitegemea sana mkono wa fundi.

Nchini Tanzania neno lina makao. Mafunzo ya ufundi stadi yana ukerezaji wa vyuma, na anayefanya kazi hiyo ni mkereza au mkerezaji. Huko Mang'ula, Morogoro, kuna kiwanda kilichotokana na karakana ya ujenzi wa reli ya TAZARA, na wilayani Hai kuna Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa ili nchi itengeneze mashine zake zenyewe, makerezo yakiwemo.

Tatizo linabaki kwa mashine ya milingi. Wapo wanaoiita nayo mashine ya kukereza, kwa sababu tu inakata chuma. Mimi siafiki. Kwenye milingi kikataji chenye meno ndicho kinachozunguka, na kazi imefungwa mezani ikisogezwa chini yake. Ni ndugu wa keekee zaidi kuliko wa kerezo. Kuiita mashine ya kusaga nako hakufai, kwani fundi atafikiria jiwe la kunolea na mteja atafikiria unga. Kwa sasa ni heri iendelee kuitwa milingi, na kukereza kuachiwe chuma kinachozunguka.